Jenerali Mahele: askari wa parashuti aliyepewa jeshi lililokwisha kuanguka

Tarehe 13 mwezi wa kumi na moja mwaka 1996, masasi yalilia mpakani Kasindi. Waasi wa Uganda walioanza kujulikana kwa jina la ADF walitokea upande wa Zaire, wakavuka na kushambulia Mpondwe, ng'ambo ya mto Lubiriha. Jeshi la Uganda liliwarudisha nyuma, kiisha likavuka mpaka likaingia Kasindi. Wanajeshi wa Zaire waliopaswa kulinda mlango huo wa nchi hawakuuzuia. Siku chache nyuma yake Butembo na Beni nazo zilikuwa mikononi mwa watu wengine.

Wazee wa Kasindi, Beni na Butembo wangali wanakumbuka ile miezi. Wanajeshi wa serikali walipita barabarani wakikimbia kutoka Goma, Rutshuru na Kanyabayonga, wakielekea Bunia na Kisangani. Walikuwa na bunduki, lakini wengi hawakupigana. Walichukua magari ya wafanyabiashara, redio, mbuzi, nguo, vitu vya dukani. Raia aliwaogopa askari wake kuliko adui aliyekuwa anakuja.

Mwezi mmoja tu kiisha, jeshi hilo lilipewa mkubwa mpya. Jina lake Donatien Mahele Lieko Bokungu, na wanajeshi walimwita Tigre, maana yake chui-milia. Wazaire wengi walimhesabu kuwa jenerali mwenye uwezo kuliko wenzake wote. Aliongoza jeshi kwa miezi mitano. Halafu akauawa, tena na watu wa jeshi hilo hilo. Maisha yake yanaonyesha mambo mengi juu ya vita ambavyo mashariki ya Kongo imevijua tangu wakati ule.

MTOTO WA LÉOPOLDVILLE

Mahele alizaliwa mwaka 1941, wakati Wabelgiji wangali wanatawala na Kinshasa ingali inaitwa Léopoldville. Kabila lake lilikuwa Wambuza, watu wa upande wa Bumba, jimbo la Équateur. Hilo la kabila litakuwa na uzito baadaye. Rais Mobutu pia alikuwa mtu wa Équateur, lakini yeye alikuwa Mngbandi, na ndani ya jeshi Mngbandi na Mmbuza hawakuwa kitu kimoja.

Kijana huyo aliingia jeshini na akawa askari wa parashuti. Kwa wakati ule hakukuwa kazi ya kijeshi yenye heshima kuipita. Mobutu mwenyewe alikwenda Israeli mwaka 1963 akafundishwa kuruka na parashuti, na akawa anavaa alama ya mabawa kifuani kwa fahari. Vikosi vya parashuti ndivyo alivyovitegemea. Nchi ni kubwa, barabara ni mbaya, na fujo ikianza mbali njia pekee ya kufika haraka ilikuwa kupanda ndege na kuruka. Mahele alipata mafunzo, akakaa karibu na wakubwa, akapanda cheo polepole. Mwaka 1978 alikuwa na cheo cha meja.

KIWANJA CHA NDEGE CHA KOLWEZI

Mwezi wa tano mwaka huo, waasi wa FNLC wa Nathanaël Mbumba, wengi wao Wakatanga waliokuwa wakimbizi Angola, waliingia Shaba na kuteka Kolwezi tarehe 13. Kolwezi ulikuwa mji wa migodi ya shaba na kobalti ya Gécamines. Ukipotea Kolwezi, serikali ya Zaire inapoteza mfuko wake wa feza. Ndani ya mji walikuwemo pia maelfu ya wazungu waliofanya kazi migodini, na muda si mrefu mauaji yakaanza. Wazungu zaidi ya 100 waliuawa, na weusi wengi pia.

Jeshi la Zaire lilijibu kwa kutuma batayo ya 311 ya parashuti. Ilikuwa batayo changa, ingali katika mafunzo na walimu Wafaransa. Mpango wa kwanza ulikuwa mbaya. Kompanyi moja ilirushwa kutoka angani karibu na mji tarehe 16, waasi wakiwa wanaingojea. Karibu wote waliangamizwa.

Meja Mahele alikuja kwa njia nyingine. Alipita barabarani na watu wake kutoka upande wa Likasi, wakashambuliwa njiani, lakini wakaendelea. Walifika wakateka kiwanja cha ndege cha Kolwezi. Kiisha wakakishika. Waasi walijaribu kuwaondoa mara kwa mara, wakashindwa. Watu wa Mahele walikuwa wachache, chakula na masasi vilikuwa vinapungua, lakini hawakutoka.

Tarehe 19, askari wa parashuti wa Ufaransa, wale wa Legio ya kigeni chini ya Kanali Erulin, waliruka juu ya Kolwezi. Kesho yake Wabelgiji wakatua na ndege. Walipofika, kiwanja kilikuwa tayari mikononi mwa Wazaire. Dunia yote iliandika juu ya Wafaransa. Lakini maofisa waliojua vita walielewa kwamba bila kile kiwanja kazi ingekuwa ngumu zaidi. Tangu hapo jina la Mahele likawa kubwa jeshini: yule aliyebaki wakati wengine wanakimbia.

JESHI MOJA, MAJESHI MATANO

Kolwezi ilimfunza Mobutu jambo, lakini si lile ambalo askari kama Mahele angetaka. Miezi miwili tu kabla, mwezi wa tatu 1978, maofisa kadhaa walikuwa wameuawa baada ya kushitakiwa kwamba wanapanga kumpindua rais, na wengine wengi walifukuzwa jeshini. Wengi wao walikuwa vijana waliosoma vizuri, watu wa majimbo mengine. Mobutu aliogopa jeshi lenye nguvu kuliko adui wa nje.

Kwa hiyo aligawanya. Kulikuwa brigadi ya 31 ya parashuti, iliyofundishwa na Wafaransa. Kulikuwa divisheni Kamanyola, iliyofundishwa kwanza na Wakorea wa Kaskazini. Kulikuwa Garde civile ya Jenerali Baramoto. Na juu ya vyote kulikuwa DSP, walinzi wa rais, chini ya Jenerali Nzimbi, wengi wao Wangbandi. DSP walilipwa kwanza, walipata silaha bora, na kambi yao kubwa, Kambi Tshatshi, ilikuwa Kinshasa juu ya kilima cha Ngaliema, karibu na makao ya Mobutu. Askari wa kawaida, wale waliokuwa Goma, Beni, Bunia ao Kindu, walibaki wa mwisho. Mshahara ulichelewa, ukapungua, kiisha ukakosa kabisa. Wakubwa waliuza mafuta, vipuri vya magari, hata chakula cha askari. Askari naye akajilipa kwa raia, kwenye kizuizi cha barabara.

Hata ndege zilikufa namna hiyo. Mirage ambazo Zaire ilinunua Ufaransa katika miaka ya 1970, siku ya vita hazikuwa na kazi tena. Askari wa parashuti bila ndege ni askari wa miguu tu.

Mahele aliishi ndani ya mpango huo na akapanda cheo mpaka kuwa jenerali. Hakuwa malaika. Mwezi wa kumi 1990, FPR ilipoingia Rwanda kutoka Uganda, Mobutu alituma kikosi cha DSP kumsaidia Habyarimana, na Mahele ndiye aliyekiongoza. Walipigana kaskazini ya Rwanda, lakini walipora pia na kunyanyasa wenyeji mpaka serikali ya Kigali yenyewe ikachoka nao. Kabla mwezi haujakwisha walirudishwa nyumbani. Hata mkubwa hodari hakuweza kuwazuia askari waliozoea kuchukua.

MASASI KWA WAPORAJI

Mwezi wa tisa mwaka 1991, ugonjwa ulilipuka Kinshasa. Tarehe 23, askari wa brigadi ya 31 ya parashuti, watu wa kikosi ambacho Mahele alikijua vizuri, walitoka kambini kwao karibu na kiwanja cha Ndjili. Hawakuwa wamelipwa. Walianza kupora. Raia wakajiunga nao. Kwa siku chache tu maduka, viwanda, magala na nyumba za Kinshasa viliachwa bila kitu, na ugonjwa ukaenea mijini mwingine.

Baada ya hapo Mobutu alimweka Mahele kuwa mkubwa wa majeshi. Kazi yake ilikuwa kurudisha nidhamu. Mwezi wa kwanza 1993 uporaji ulirudi. Safari hii sababu ilikuwa noti ya zaïre milioni 5. Mobutu aliichapisha, Waziri mkuu Tshisekedi akaikataza, na wafanyabiashara wakaikataa. Askari waliolipwa kwa noti hizo walienda sokoni wakakuta ni karatasi tu. Wakachukua bunduki. Watu wengi walikufa, pamoja na balozi wa Ufaransa.

Ni katika fujo hizo Mahele alipata jina jingine kwa raia. Alikuwa kati ya wakubwa wachache walioamuru askari watiifu wawapige waporaji masasi, hata kama waporaji wamevaa unifomu. Kwa mama mwenye kaduka kadogo Kinshasa hiyo ilikuwa habari isiyosikika: jenerali anayemkinga raia na askari. Kwa Mobutu ilikuwa hatari. Jenerali anayependwa na raia na kuheshimiwa na askari anaweza siku moja kutaka kiti. Mahele akaondolewa, akawekwa kando kwa miaka karibu minne. Nafasi yake alipewa Jenerali Eluki.

KUTOKA UVIRA MPAKA BENI

Ndani ya miaka hiyo minne, mashariki iliwaka. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi zaidi ya milioni moja waliingia Kivu, na pamoja nao askari wa zamani wa Rwanda na Interahamwe wenye silaha. Vita vya kikabila vya Masisi viliongezeka. Mwezi wa kumi 1996, AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilianza vita ikisaidiwa na jeshi la Rwanda na lile la Uganda. Uvira ikaanguka, kiisha Bukavu mwisho wa mwezi, kiisha Goma mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja.

Mobutu hakuwepo. Tangu mwezi wa nane alikuwa anatibiwa kansa Uswisi, halafu akapumzika kusini ya Ufaransa. Majenerali wa Kinshasa walipewa feza za vita; feza hazikufika Kivu. Ndipo askari wa Goma waliposhika njia ya kaskazini, Lubero, Butembo, Beni, wakipora kila mahali walipopita. Ndipo Kasindi ilipoachwa wazi.

Vita vilivyotokea mpakani tarehe 13 vilikuwa tofauti na vile vya AFDL, lakini vyote vilitoka shimo moja. ADF waliweza kukaa na kujipanga milimani na misituni upande wa Zaire juu hakukuwa serikali ya kuwauliza. Jeshi lililokuwa linauza hata viatu vyake halikuweza kulinda mpaka.

MKUBWA WA JESHI LISILOKUWEPO

Mobutu alirudi Kinshasa tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 1996. Umati mkubwa ulimpokea. Kesho yake akamwita mtu aliyemwogopa: Mahele akawa tena mkubwa wa majeshi. Watu wengi Kinshasa walipumua. Walisema moyoni kwamba kama kuna mtu wa kuzuia vita, ni yule wa Kolwezi.

Lakini Mahele alikuta nini? Kwenye karatasi, jeshi la makumi ya maelfu. Uwanjani, vikosi vilivyokimbia bila mkubwa, bila redio za mawasiliano, bila chakula. DSP, walio na silaha, hawakuwa chini yake kweli. Walimsikia Nzimbi, na Nzimbi alimsikia Mobutu. Garde civile ilimsikia Baramoto. Mkubwa wa majeshi alikuwa na cheo, lakini funguo za gala zilikuwa mifukoni mwa wengine.

Serikali ya Kengo wa Dondo ilitangaza mwezi wa kwanza 1997 kwamba shambulio kubwa la kurudisha miji limeanza. Kisangani ukawa mji wa vita. Pale walikuwapo mamluki wazungu, wengi wao Waserbia, na Mbelgiji Christian Tavernier kati ya viongozi wao. Kulikuwa elikopta za vita na ndege chache. Tarehe 17 mwezi wa pili, ndege za serikali ziliangusha mabomu Bukavu. Raia walikufa sokoni na mitaani. Kwa wakaaji wa Kivu, hiyo ndiyo iliyobaki ya jeshi la anga la Zaire: ndege haikuwazuia AFDL, iliua mama aliyekwenda kutafuta chakula. Na jambo hilo lilitokea wakati Mahele ndiye mkubwa wa majeshi. Uzito wake hauwezi kuondolewa katika historia yake.

Shambulio kubwa halikuonekana. Kindu ikaanguka mwisho wa mwezi wa pili. Tarehe 15 mwezi wa tatu, AFDL wakaingia Kisangani. Mamluki walikuwa wamekwisha kupanda elikopta zao. Mwezi wa ine Mbuji-Mayi, kiisha Lubumbashi tarehe 9. Mji wa almasi na mji wa shaba vikaenda karibu pamoja. Kila mahali habari ilikuwa ile ile ya Butembo na Beni: askari anapora, anakimbia, raia anakaa nyumbani akingoja, kiisha anatoka kupokea wageni kwa shangwe.

Mwezi huo huo wa ine Jenerali Likulia Bolongo akawa Waziri mkuu, na Mahele akaongezewa wizara ya ulinzi. Cheo kikapanda wakati nchi inapungua.

HESABU YA MWISHO

Mwanzoni mwa mwezi wa tano, DSP wakisaidiwa na watu wa UNITA wa Angola walijaribu kusimama Kenge, upande wa mashariki ya Kinshasa. Vilikuwa kati ya vita vikali vya mwisho, na raia wengi walikufa. Wakashindwa. Tarehe 4 mwezi huo, Mobutu na Kabila walikutana ndani ya meli ya Afrika ya Kusini, Outeniqua, pale Pointe-Noire, Nelson Mandela akiwa kati yao. Hawakupatana. Barabara ya Kinshasa ikawa wazi.

Hapo Mahele alipiga hesabu ya kijeshi. Kinshasa ulikuwa mji wa mamilioni ya watu. DSP walikuwa na maelfu ya askari ndani yake, na silaha nzito. Wakiamua kupigana mtaa kwa mtaa, hawangeshinda, lakini wangeua mji. Na kabla ya kufa wangepora kama mwaka 1991, zaidi hata. Askari aliyebaki siku nyingi kwenye kiwanja cha Kolwezi sasa aliamua kwamba hapa hakuna kitu cha kushika.

Alianza kuzungumza kwa siri na upande wa AFDL, na ubalozi wa Marekani ulisaidia kuunganisha. Jambo lililotafutwa lilikuwa moja: wale wa Kabila waingie, hawa wa Mobutu wasipigane, mji usiharibike. Kwa watu wa DSP, hilo lilikuwa na jina moja tu, usaliti. Na hata leo wapo wanaomwita hivyo. Jenerali aliyeapa kulinda rais alizungumza na adui wa rais. Lakini alikuwa pia waziri wa ulinzi wa nchi, na nchi si mtu mmoja. Kati ya viapo hivyo viwili alichagua kimoja, akijua bei yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 16, wakubwa wa jeshi walimwambia Mobutu kwamba hawawezi tena kumhakikishia usalama Kinshasa. Asubuhi Mobutu alipanda ndege kwenda Gbadolite. Hakurudi tena.

USIKU WA KAMBI TSHATSHI

Jioni ya tarehe 16 mwezi wa tano 1997, Kinshasa ilijifungia. AFDL walikuwa karibu na Ndjili. Wakubwa wengi walikuwa wanatafuta mitumbwi na boti za kuvuka mto kwenda Brazzaville. Mahele pia angeweza kuvuka. Mto ulikuwa hapo, na yeye alikuwa na watu wa kumvusha.

Ndani ya Kambi Tshatshi, askari wa DSP walikuwa wamekasirika. Rais wao amekwenda, wakubwa wao wanakimbia na familia na masanduku, na wao wameachwa na bunduki bila agizo. Hao ndio waliokuwa hatari kwa mji usiku ule. Mahele akaamua kupanda kilima kwenda kuzungumza nao, kuwatuliza, kuwaeleza kwamba vita vimekwisha na kwamba hakuna sababu ya kufa ao kuua.

Alifika. Hawakumsikiliza. Walimwita msaliti, na wakampiga risasi ya kichwa. Mtu aliyeokoka Kolwezi, Rwanda na fujo za Kinshasa alikufa ndani ya kambi ya jeshi lake, mkononi mwa askari waliopaswa kumpigia saluti. Alikuwa na miaka 56.

Kulipokucha, tarehe 17, DSP walikuwa wanaacha unifomu barabarani na kuvuka mto. Kadogo wa AFDL waliingia kwa miguu, wamechoka, wamevaa buti za mpira. Watu walikufa Kinshasa siku zile, juu ya visasi na uporaji, lakini vita vya mtaa kwa mtaa havikutokea. Siku hiyo hiyo Kabila akajitangaza rais, na Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kesho yake Mobutu alitoka Gbadolite ndani ya ndege ya mizigo. Askari wake wa DSP, wale aliowapendelea kwa miaka yote, waliifyatulia ndege hiyo masasi ikiwa inapaa. Alikufa Rabat, Morocco, tarehe 7 mwezi wa tisa mwaka huo.

Anayetaka kujua Kinshasa iliponea nini, aangalie ng'ambo ya mto. Tarehe 5 mwezi wa sita 1997, majuma matatu tu baadaye, vita vya Sassou na Lissouba vilianza Brazzaville. Vilidumu miezi minne. Mizinga ilipiga katikati ya mji, maelfu wakafa, mitaa ikabaki magofu. Wakaaji wa Kinshasa walisikia mabomu hayo kutoka upande wao wa mto, usiku baada ya usiku.

DENI LILILOBAKI MASHARIKI

Kwa Kinshasa, vita vya 1997 vilikwisha siku ile. Kwa Beni, Butembo na Kasindi havikukwisha. Mwaka 1998 vikaja vya RCD na majeshi ya nje, kiisha makundi ya waasi na ya wenyeji, moja baada ya jingine. ADF, wale walioonekana mpakani Kasindi mwaka 1996, wangali wanaua raia mashambani na barabarani, miaka karibu thelathini kiisha.

Historia ya Mahele haielezi yote hayo, lakini inaonyesha pahali pa kuangalia. Alikuwa mjuzi na hodari, na alijulikana na wote. Haikutosha. Jenerali mmoja mzuri akiwekwa juu ya jeshi lisilolipwa, lenye vikosi visivyosikilizana, ambalo wakubwa wake wanauza mafuta na masasi, hawezi kulifufua kwa miezi mitano. Mshahara wa askari wa Kasindi ulioliwa Kinshasa mwaka 1985 ndio uliofungua mpaka mwaka 1996. Na masasi yaliyomwua Mahele yalitoka kwenye kikosi pekee kilicholipwa vizuri, kwa sababu kilifundishwa kumlinda mtu, hakikufundishwa kulinda nchi.

Kila mara mkubwa mpya wa operesheni anapofika Beni, wakaaji huuliza jina lake, anatoka wapi, alipigana wapi. Ni maswali mazuri. Lakini kuna mengine ya kuuliza kabla: askari wake wamelipwa lini, chakula chao kinapita mkononi mwa nani, na vikosi vyote vilivyo hapa vinasikia agizo la mtu mmoja ao la watu watano? Jenerali Mahele aliyajua majibu ya maswali hayo kuliko mtu yeyote. Alipopanda kilima cha Ngaliema usiku ule, hakuwa na jeshi tena. Alikuwa na mdomo wake tu, na alikwenda kuutumia juu watu wengine wasife.